Makopo Hayawezi Kulipia Gari la Taka

Ndugu Mhariri,

Ijumaa ndiyo siku ya gari la taka mtaani kwetu, hapa Sombetini, Arusha. Tangu mwaka jana nimekuwa nikitoa viroba vitatu: kimoja cha maganda na mabaki ya chakula, kingine cha makopo ya plastiki ya maji, maboksi na vyuma, na cha tatu cha yale yasiyofaa kwa lolote. Nilidhani nawarahisishia kazi wazoaji. Ijumaa moja nikasimama getini kuangalia, nikaona vijana wa gari wakivirusha vyote mahali pamoja na kuvikanyaga vishuke. Nilipouliza, mmoja akanijibu kwa upole: "Mama, gari ni moja na dampo ni moja."

Yule kijana simlaumu. Ada tunayolipa ni ya kuondoa taka getini na kuzifikisha dampo la Muriet, na kazi hiyo anaifanya. Ninaowaandikia ni madiwani na wataalamu wa Jiji, ambao kila wakija mtaani hutuhimiza tutenganishe taka. Tumesikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yenyewe inazitaka halmashauri ziweke utaratibu wa taka kutenganishwa huko huko zinakozalishwa. Na watu wanaosema Watanzania hawabadiliki wakumbuke Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku tukarudi kwenye vikapu. Kinachokosekana ni kitu kimoja: nani analipia kiroba cha pili kuchukuliwa?

Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba makopo yatajilipia yenyewe, kwa sababu yana soko. Hili ndilo ninalotaka kulipinga.

Kuna kijana anayepita kwetu alfajiri ya Ijumaa, kabla ya gari, akiwa na salfeti mgongoni. Anachagua makopo na vyuma, anapeleka kwenye mizani, analipwa kwa kilo. Bei ya makopo ikiwa nzuri hachagui, anabeba yote. Bei ikishuka, anachukua chuma chakavu peke yake na makopo anayaacha pale pale, kwa sababu salfeti zima la makopo ni uzito mdogo sana na safari ya kwenda mizani ni ile ile. Miezi hiyo makopo yetu yanaishia dampo, au masika ikifika yanaelea kwenye mito ya Naura na Themi. Huduma ya mji mzima imetegemea bei ya siku ya plastiki!

Wenzetu wakubwa waliwahi kuingia kwenye shimo hilo. Miji mingi ya Marekani ilizoea kukusanya makaratasi na plastiki milangoni mwa watu, na sehemu ya gharama ikarudishwa kwa kuuza mzigo China. Mwaka 2018 China ikafunga mlango kwa taka chafu za nje. Mji wa Philadelphia ulifikia hatua ya kupeleka karibu nusu ya mzigo wake kwenye tanuri la kuchomea, taka ambazo wananchi walikuwa wamezitenganisha kwa mikono yao. San Francisco mambo ni tofauti. Kule huduma inalipiwa na bili ya kila nyumba, na bili inapanda kadiri pipa la taka za kutupwa linavyokuwa kubwa, kwa hiyo anayetenganisha anaona nafuu mfukoni. Ujerumani nao, tangu mwaka 1991, waliwatwika watengenezaji na wauzaji mzigo wa kugharamia vifungashio vyao vikusanywe.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kote huko. Nenda dukani kwa Mangi ununue soda ya chupa bila chupa tupu mkononi: utaacha pesa ya chupa, na ukiirudisha unarudishiwa. Ndiyo maana huwezi kukuta chupa ya soda imezagaa mtaroni. Kopo la maji halina pesa yake, basi linatupwa. Na mji wetu ni mji wa safari, magari yanaondoka hapa kila asubuhi na katoni za maji kwenda Tarangire na Ngorongoro, makopo matupu yanarudi. Wanaouza maji hayo na wanaoyanunua kwa katoni wana haki gani ya kumwachia gharama mama wa Sombetini?

Ombi langu ni kwamba Jiji litenge sehemu ya ada ya taka, iandikwe wazi kwenye bajeti, iwe malipo kwa kila kilo inayookolewa isifike dampo. Kijana wa salfeti alipwe hiyo juu ya bei ya mizani, ili bei ikishuka asituache. Vijana kama yeye wasajiliwe kwa mtaa, wapewe glavu na vitambulisho, maana sasa hivi wanafukuzwa kama wezi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ingetosha kuwaanzishia vikundi vyao na guta na mizani. Wenye hoteli na kampuni za utalii wachangie kulingana na mzigo wanaotoa. Na sisi wa majumbani tusilipe sawa sote: mimi natoa kiroba kimoja cha kutupwa kwa wiki, jirani yangu mwenye wapangaji wengi anatoa vinane, ada yetu ni ile ile.

Maganda hayana shida kubwa. Mtaani kwangu wanaofuga ng'ombe na nguruwe wanayagombania, mradi yasichanganywe na vioo.

Mwisho, mkataba wa mzoaji wetu tubandikiwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: analipwa kwa kazi gani, aje mara ngapi, na kiroba cha pili anatakiwa akipeleke wapi. Nimeuliza ofisini mara mbili, sijaonyeshwa.

Mkazi wa Sombetini,
Arusha