Mduara kwa sahani si dawa ya taifodi

Mhariri, huyu jamaa anauza muarobaini soko la Gikomba na spika yake ati "imepimwa maabara, inaua taifodi" amenichosha. Mpwa wangu yuko chuo hapa Nairobi akanionyesha vile hupimwa, majani yanalowekwa kwa ethanoli, yaani pombe kali, kikaratasi kidogo cha duara kinachovywa humo, kikikauka kinawekwa juu ya bakteria kwa sahani ya maabara, nyuzi 37 usiku kucha, asubuhi unapima kwa rula ule mduara uliobaki wazi bila bakteria, milimita ngapi. Sasa kama hukuweka kingine cha ethanoli tupu utajuaje si pombe imeua? Na hata jiki ya kufulia nguo inaua kwa sahani, nani ataikunywa! Atuonyeshe hiyo karatasi ya maabara, mimi hupita hapo kila Jumamosi.

Msomaji, Kariobangi