Kompyuta iliyoshindwa kuanza isifutwe kabla ya kuchunguzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze tabia iliyozoeleka katika vibanda vingi vya ufundi wa kompyuta, ambayo inawapotezea wateja kazi zao za miaka bila sababu ya msingi. Mteja akileta kompyuta mpakato inayowaka lakini haifiki kwenye Windows, mara nyingi jibu analopewa, hata kabla mashine haijaguswa, ni kwamba lazima "ipigwe Windows", yaani iwekwe upya. Jioni anakabidhiwa mashine nzima inayofanya kazi, ila diski imefutwa yote: tasnifu ya chuo, hesabu za duka, picha za harusi, pamoja na ile sehemu iliyofichwa ambayo mtengenezaji aliweka mfumo wa awali kwa ajili ya siku kama hiyo.

Mimi ni fundi wa kazi hiyohiyo hapa Morogoro, na ninafahamu kwa nini wenzangu huichagua njia hiyo. Kufuta kuna muda unaojulikana, ilhali uchunguzi unaweza kuisha kwa nusu saa au ukala siku nzima, na wateja wengi hawako tayari kulipia kazi wasiyoiona kwa macho. Hata hivyo, Windows kushindwa kuanza si ushahidi kwamba imeharibika yote, sembuse mafaili ya mwenye mashine. Huenda umeme ulikatika masasisho yakiwa katikati ya kuingia. Huenda betri ndogo iliyo kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya mashine, imekwisha, mipangilio ikarudi ya kiwandani, na mashine ambayo Windows yake iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, uitwao BIOS, sasa inatafuta ya mtindo mpya wa UEFI, kwa hiyo inasema haioni chochote cha kuanzia ingawa diski ni nzima. Huenda pia kumbukumbu inayoielekeza mashine mahali Windows ilipo, iitwayo BCD, imevurugika. Katika hayo yote hakuna hata moja linalodai diski ifutwe.

Windows yenyewe imebeba vifaa vya kujitibu. Ikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, hufungua mazingira ya urekebishaji yanayoitwa Windows RE, na humo fundi anaweza kuondoa sasisho la mwisho, kuirudisha mashine kwenye hali ya tarehe ya nyuma iliyohifadhiwa, au kufungua dirisha la amri na kutumia bootrec au bcdboot kuandika upya mafaili ya kuanzia. Lakini kabla ya amri yoyote ipo hatua ninayoiona kuwa ya lazima, nayo ni kunakili mafaili ya mteja kwenye diski nyingine, ama kwa kuiwasha mashine kwa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, iliyo kwenye flashi, ama kwa kuchomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Diski inayotoa mlio wa kugonga isipewe kabisa chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kabla ya kunakiliwa, kwa sababu ukaguzi huo huilazimisha kufanya kazi nyingi wakati ambapo uhai wake umebaki mdogo.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ilishuhudia kwamba Windows iliyoshindwa kuanza inaweza kutibiwa bila kufuta diski. Faili moja lenye kasoro, lililosambazwa na CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na safari za ndege zikafutwa katika nchi nyingi. Tiba ilikuwa kuingia katika mazingira hayo ya urekebishaji, kulifuta faili hilo na kuwasha upya. Waliopata taabu zaidi ni wale ambao diski zao zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, kwa kuwa walitakiwa kwanza kuingiza ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 hujifunga hivyo zenyewe mara mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Nawasihi wasomaji waingie huko leo, waunakili kwenye karatasi na kuitunza, maana bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeyafikia mafaili yao.

Sasa nirudi kwenye sehemu ya kurejesha mfumo wa kiwandani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Kwenye HP nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza F11 mara tu mashine inapowaka, kwenye Acer ni Alt pamoja na F10, kwenye Asus ni F9, na Toshiba za zamani zilitumia kitufe cha sifuri. Inairudisha kompyuta ilivyotoka kiwandani, pamoja na draiva zake, yaani programu za kuendesha vifaa vyake, na leseni yake halali. Nayo, tahadhari, kwa kawaida hufuta mafaili ya mtumiaji, ndiyo maana nimesisitiza kunakili kwanza. Fundi anayeifuta ili mteja aongezewe gigabaiti chache anamnyang'anya kitu alichokilipia, kisha mara nyingi anaweka Windows ya wizi ambayo haikubali kufanya kazi mpaka kinga ya virusi izimwe. Jambo hilo linaniuma kwa sababu halina haja hata kidogo. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zinazouzwa na Windows zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama wenyewe, na ukiweka toleo lilelile la mwanzo hujithibitisha bila gharama.

Hata pale sehemu hiyo imekwisha kufutwa, njia zipo. Amri ya reagentc /info huonyesha kama mazingira ya urekebishaji bado yamewashwa, na reagentc /enable huyawasha ikiwa faili lake bado lipo. Iwapo hakuna kilichoandikwa juu ya sehemu iliyofutwa, programu ya bure ya TestDisk inaweza kuirudisha. Ikishindikana, HP, Dell na Lenovo hutoa bila malipo mfumo wa kiwandani kwa modeli nyingi kupitia tovuti zao, mteja akitaja namba ya mashine yake. Bando litakalotumika ni kubwa, lakini ni nafuu kuliko tasnifu iliyopotea.

Ombi langu kwa vyuo vya VETA vinavyofundisha TEHAMA ni kwamba uokoaji wa mafaili ufundishwe kabla ya uwekaji wa Windows. Kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo sheria yake ilianza kutumika Mei 2023, naomba itoe mwongozo mfupi kwa vibanda vya ufundi, ukitaka diski ya mteja isifutwe mpaka atie saini kwamba ameelezwa kitakachopotea. Nasi mafundi tuanze kutoza ada ya uchunguzi na kuiandika kwenye risiti, ili kazi ya kutafuta ugonjwa ilipwe kama kazi nyingine yoyote.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro