Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda: punguzeni klinka kwenye saruji

Mheshimiwa Waziri,

Mipango mingi ya kupunguza hewa ukaa viwandani huanzia kwenye mafuta: makaa ya mawe yatoke, umeme wa jua na upepo uingie. Tunaiunga mkono kwa dhati. Lakini kwenye saruji, ambayo peke yake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu, kubadili mafuta hakugusi hata nusu ya tatizo.

Chanzo ni jiwe lenyewe. Choma kilo 100 za jiwe safi la chokaa, utabaki na kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimepaa kuwa hewa ukaa. Hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa jua mtupu, hizo 44 zitatoka vilevile. Kiasi cha asilimia 60 ya hewa ukaa ya klinka, yaani mabonge yatokayo tanurini na kusagwa kuwa saruji, hutoka hapo, na 40 hutoka kwenye moto wa kufikisha nyuzi 1,450.

Kwa hiyo klinka yenyewe ndiyo ya kupunguza. Upo mchanganyiko uliokwisha kuthibitishwa: klinka asilimia 50, udongo wa kaolini (madini ya udongo wa mfinyanzi) uliochomwa 30, jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa 15, jasi 5. Udongo huchomwa kati ya nyuzi 700 na 850 tu, na kinachoutoka ni mvuke. Hewa ukaa hupungua kwa asilimia 30 hadi 40.

Si lazima uwe udongo mweupe wa vyombo. Wenye kaolini asilimia 40 unatosha, na kuupima si kazi. Kausha sampuli kwa nyuzi 105, ipime uzito, kisha angalia inachopoteza kati ya nyuzi 400 na 600. Kaolini safi hupoteza karibu asilimia 14, hivyo gramu 100 za udongo unaofaa zitapungua kama gramu 5.6. Hatari iko kwenye tanuri: moto ukipita nyuzi 900, chembe hujipanga upya na udongo hauungani tena na chokaa.

Matatizo ya kwenye eneo la ujenzi tunayajua, na hayafai kufichwa. Zege hili hunata kwenye mwiko, na fundi akiliona zito huongeza maji, nguvu ikashuka. Linahitaji dawa ya kulainisha zege, si ndoo ya maji. Siku mbili tatu za mwanzo hukaza polepole, basi limwagiliwe siku 7 kamili. Hustahimili chumvi vizuri, ila hewa ukaa ya angani hupenya ndani yake upesi zaidi, kwa hiyo unene wa zege linalofunika nondo usipunguzwe hata kidogo. Madini ya chuma huupa udongo wekundu ambao wanunuzi huudhania uchakachuaji. Rangi hiyo haipunguzi nguvu.

Kinachokwama ni karatasi. Zabuni inayotaja saruji ya CEM I imeshaamua klinka isipungue asilimia 95, hata kwa sakafu ya ghala. Ulaya ilitoa kiwango cha EN 197-5 mwaka 2021, kinachoruhusu klinka ishuke hadi nusu na chini yake. India ilitoa chake cha saruji ya udongo uliochomwa mwaka 2023.

Tunaomba zabuni za umma zidai nguvu, kwa mfano megapaskali 42.5 baada ya siku 28, na asilimia ya klinka iandikwe kwenye kila mfuko. Muanze na matofali, misingi na sakafu. Na kiwango kibadilishwe kabla ya kibali cha tanuri jipya la klinka kutolewa, maana likishajengwa litachoma mawe kwa miaka 30 au zaidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wahandisi na mafundi wa maabara za saruji