Barua ya wazi kwa mkuu wa usalama wa chuo: anayetoka na gari getini mbona haulizwi?

Mkuu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, sina cheo na sijatumwa na mtu, nakuandikia kwa sababu gari ya rafiki yangu tunayesoma naye imeibiwa paking ya nyuma ya maktaba mchana kweupe, naomba unisome mpaka mwisho.

Tulitoka kwenye mtihani saa nane tukaenda pale alipopaki, hakuna kitu. Mwanzo tukadhani kasahau alipoiacha, tukazunguka mistari yote mara mbili huku anabonyeza rimoti akisubiri taa ziwake mahali. Wapi. Chini hapakuwa hata na kipande cha kioo, ni doa la oili tu. Na gari yenyewe ni ya mama yake, alimuazima amalizie mwaka. Nikikumbuka alivyopiga simu nyumbani roho inaniuma mpaka leo.

Tukakimbilia getini. Askari akatuambia kwa upole kabisa kwamba gari ilishatoka, yeye mwenyewe ndo aliinua kizuizi. Simlaumu, na nakuomba sana asiadhibiwe kwa barua hii. Asubuhi anauliza kitambulisho, anaandika namba, anapekua mpaka buti, ila anayetoka anafunguliwa tu kwa sababu hakuna aliyemwambia aulize. Shida yote iko hapo mkuu. Mwizi wa gari haji na gari, anaingia kwa miguu na begi mgongoni kama sisi, kazi yake ni kutoka tu na sisi tunamfungulia.

Ninachoomba ni kadi ya kutokea. Ukiingia unapewa kadi yenye namba ya gari yako, unatembea nayo mfukoni (isiachwe kwenye dashibodi maana hapo tutakuwa tumemrahisishia mwizi), ukitoka unairudisha na askari analinganisha na namba ya gari, basi. Ukiipoteza unaonyesha kitambulisho, anaangalia kwenye daftari jina la mwenye gari. Najua foleni ya jioni itarefuka na watu watalalamika, mimi pia nitakaa kwenye hiyo foleni, lakini bora nichelewe kuliko kurudi bila gari.

Wapo wanaosema tuongeze kamera. Kamera tunayo, ilituonyesha vizuri kabisa gari ikitoka na mtu mwenye kofia ndani. Wengine wanasema gari za siku hizi haziibiki kwa sababu zina imobilaiza, yaani bila ile chipu ya kwenye ufunguo injini haiwaki. Ni kweli inasaidia, Ulaya gari mpya zimelazimishwa kuwa nayo tangu 1998, ila si kila gari inayo. Marekani kuna Kia na Hyundai nyingi za 2011 hadi 2021 zilitoka bila hicho kitu, vijana wakaja kuonyeshana mtandaoni jinsi ya kuziwasha kwa kichwa cha waya wa USB. Na hizi zinazowashwa kwa kubonyeza batani, ufunguo ukiwa mfukoni tu, zina lao, wezi wanakuja wawili, mmoja anasogea na kifaa karibu na ulipo ufunguo, anadaka mawimbi yake na kumrushia mwenzake aliyesimama mlangoni mwa gari, gari inadhani mwenyewe kafika.

Sasa fikiria siku ya mtihani mkuu. Mabegi yetu yote tunayarundika nje ya ukumbi, funguo zimo humo, na ratiba imebandikwa ukutani kwamba hatutoki kwa masaa matatu! Sisemi ndivyo gari ya rafiki yangu ilivyoondoka, sijui, ila begi lake lilikuwa kwenye lile rundo. Turuhusiwe kuweka ufunguo juu ya dawati, au awekwe mtu wa kukaa na mabegi.

Mitihani inaanza tena mwezi ujao. Kadi za karatasi ngumu zinatosha kuanzia, na tupo wanafunzi kadhaa tayari kuja Jumamosi kuandika namba za gari zote kwenye daftari, tuambie tu tuje saa ngapi.