Kabla ya Mikumi, wapeleke Msimbazi

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na ombi la mchango wa basi la kuwapeleka wanafunzi wako Hifadhi ya Mikumi nimeliona. Mchango nitatoa, ondoa shaka. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu walimu wenzako wengi wa jiografia wanaamini hivyohivyo, kwamba somo la nje ya darasa bila twiga halijakamilika.

Mbinu yenyewe wala haikuanza na wanyama. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyeukimbia utawala wa Hitler, alishiriki kuanzisha shule ya Outward Bound mwaka 1941 huko Aberdovey, Wales, kwa ajili ya mabaharia vijana wa wakati wa vita. Baadaye Kenya nayo ikapata ya kwake Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Ukiondoa kamba na mahema, kinachobaki hakihitaji mlima: kijana anapewa kazi ya kweli, anaifanya na wenzake kwa miguu na mikono yake, kisha mnakaa chini kuulizana mmeona nini.

Sasa chukua mto Msimbazi, hapohapo Dar es Salaam. Unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti kwenye machinjio, Kigogo, Jangwani, hadi baharini pale daraja la Salender. Wanafunzi wako wanauvuka kwenye daladala macho yakiwa kwenye simu. Mvua ikizidi, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na jiji linakatika vipande viwili.

Wagawe makundi. Kundi la kwanza lipe tepu ya fundi na daftari, likatafute alama za maji kwenye kuta za Kigogo zilizobaki. Utakuta mistari ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, na mwenyeji atakwambia huu ni wa mvua za mwaka gani. Wapime kutoka chini hadi kwenye kila mstari. Halafu watazame mlango: tofali zimejengwa kukatiza kizingiti ili maji yasiingie, na mgeni anainua mguu kama anapanda mtumbwi. Tofali hizo kanunua nani, mwenye nyumba au mpangaji? Hapo jiografia imeshageuka uraia bila wewe kusema neno.

Wala sibuni. Kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam walizunguka kata za jiji katika mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaro na vichochoro pamoja na wakazi na kuwauliza maji hufika wapi. Wako ni wa kidato cha tatu, lakini penseli na miguu wanayo.

Kundi la pili liende na swali moja tu: kwa nini watu hurudi bondeni? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji. Wapo waliorudi. Desemba 2015 nyumba zikachorwa X nyekundu, bomoabomoa ikaanza. Miaka ya karibuni wengi wamelipwa fidia kupisha mradi wa kuendeleza bonde. Mwanafunzi wako atasema haraka kwamba ni ukaidi. Usimbishie. Mpe hesabu: mama anayechuuza samaki anatakiwa awe soko la samaki la Feri alfajiri. Atoke Mabwepande saa ngapi, kwa daladala ngapi, na jioni nauli imekula kiasi gani cha faida? Akimaliza, muulize tena. Na kwenye fidia, wadadisi mwenye nyumba alipata nini na mpangaji alipata nini.

Ninachokukataza ni kuwapeleka kama watalii. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aone barua yako kabla, na wenyeji watakaowatembeza walipwe muda wao. Hakuna kumpiga mtu picha akifua mlangoni kwake. Ramani mtakayochora, nakala ibaki ofisi ya mtaa. Watu wa pale wamechoka kuhojiwa na wasomi wasiorudi.

Nendeni Agosti, ardhi ikiwa kavu, na viatu vya kufunika. Mtoni asiingie mtu, maji yale yanabeba majitaka. Ruhusa za wazazi ziwe za maandishi. Chakula nunueni kwa mamalishe wa palepale.

Nitajie tarehe mapema. Nataka kutembea na kundi la pili, na magoti yangu yanahitaji kujiandaa.

Mjomba wako