Salamu za Sikukuu ya Mbalamwezi

Ndugu na marafiki mnaoiadhimisha Sikukuu ya Mbalamwezi, mlio nyumbani China na mlio ugenini, pokeeni salamu zangu za heri, na mavuno ya mwaka huu yawe ya baraka. Sikukuu hii huangukia tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina, mwezi ukiwa mpevu, na tangu 2008 ni siku ya mapumziko nchini kote. Mwezi ni mmoja, lakini kila mji una namna yake ya kuupokea, na kwangu mimi uhondo wa sikukuu uko hapo.

Hata keki za mwezi hazifanani. Ya Guangdong hujazwa mbegu za yungiyungi zilizopondwa na kutiwa sukari, katikati kikiwekwa kiini cha yai la bata kilichokolea chumvi. Ni nzito, kipande kimoja kwa chai isiyo na sukari kinatosha. Ya Suzhou ina ganda la matabaka linalomeguka mdomoni, na ile ya nyama huliwa ingali moto.

Wenye bahati zaidi, naona, ni watu wa Xiamen. Huko jamaa huizunguka meza na kurusha dadu sita katika bakuli la kauri, wakishindania keki 63 za ukubwa mbalimbali, zilizopewa majina ya vyeo vya mitihani ya kifalme ya zamani. Anayepata dadu nne zinazoonyesha namba nne, ambayo nukta zake ni nyekundu, hutwaa keki kubwa kuliko zote, ingawa akitokea mwingine mwenye dadu bora zaidi humnyang'anya, na hapo ndipo kelele huanza. Husimuliwa kwamba mchezo huu ulibuniwa kuwaliwaza askari wa Zheng Chenggong, jemadari wa karne ya 17, waliokuwa mbali na makwao.

Kule Tai Hang, Hong Kong, joka la nyasi lenye urefu wa mita 67, lililochomekwa vijiti vya udi vinavyowaka, huchezeshwa vichochoroni usiku, desturi iliyoanza 1880 kwa nia ya kufukuza maradhi. Haining nako, siku tatu baada ya sikukuu, umati husimama kingoni kutazama bamvua likiupanda mto Qiantang kama ukuta wa maji.

Kwenu watu wa Ningbo, ambao huisherehekea tarehe 16, salamu hizi zimewafikia siku moja mapema. Zipokeeni hivyo hivyo.