YAH: MIWANI YA VR INAYOZIOTESHA TAA NDEVU NA KUWAMINYA WATU PUA

Kwenu idara ya wateja, ofisi ya Dar,

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja wa Mwanza, wa Kirumba, mwenye miwani mbili za VR, zile za kuvaa usoni ukaona video au gemu kama uko humo ndani, alizochukua kwenu mwezi wa sita, ambaye mmeshamjibu mara tatu WhatsApp "tafadhali safisha lenzi kwa kitambaa laini kikavu". Nimesafisha. Nimesafisha mpaka kitambaa chenyewe kimechakaa, sasa naandika barua maana naona meseji zangu anazisoma mtu mwenye majibu yake tayari mfukoni. Naomba msome yote, najua ni ndefu, ila hizo fupi ndo zimetufikisha hapa.

Kwanza mjue sikununua kwa starehe. Nina kibanda cha gemu, siyo mbali na soko la samaki la Mwaloni, buku kwa dakika tano, watoto wakitoka shule wanakuja na jioni wanakuja vijana wa samaki. Miwani moja milioni moja na laki tatu na nusu, mbili ikawa milioni mbili na laki saba, risiti ya EFD ninayo, na kwenye hiyo hela kuna laki nane za kikoba cha mke wangu ambazo bado zinarejeshwa kila jumapili. Kwa hiyo mkiniambia "baadhi ya watumiaji huzoea baada ya muda" muelewe na kikoba nacho hakizoei.

Sasa shida yenyewe. Mimi na mshikaji wangu mwenye kamera ya digrii 360, ile inayochukua pande zote kwa pamoja, tulipata wazo ambalo mpaka leo naona ni zuri, kwamba watu wa Mwanza wanakula dagaa kila siku ila wengi hawajawahi kuwaona wakivuliwa, basi tukaenda Igombe, tukaongea na watu wa mtumbwi, tukasubiri giza la mwezi maana mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa na wavuvi wanapumzika, tukaingia nao ziwani usiku kucha. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri, zinaelea juu ya maji mbali kidogo na mtumbwi, dagaa wanajaa chini yake, afu ndo wavu unazungushwa. Kwenye kompyuta ile video ni safi kabisa. Maji meusi, mbingu nyeusi, taa kama punje za mchele zimemwagika mpaka kule mbali. Niliiangalia nikasema hii nikiiweka kwenye VR Nanenane narudisha hela yote.

Nanenane ikafika, nikachukua meza ndogo pale viwanja vya Nyamhongolo, mteja wa kwanza wa ile video akawa mzee mmoja mvuvi mstaafu, mkono mmoja hauna kidole cha shahada, nikamwambia shikamoo mzee karibu urudi kazini. Nikamvalisha. Akakaa kimya, anageuza shingo huku na huku taratibu, afu akaniuliza, "Kijana, mbona hizi taa zina ndevu?" Nikamwambia ndevu vipi mzee. Akasema kila taa ina manyoya ya mwanga yanashuka na kupanda, akigeuza kichwa nayo yanageuka, akauliza kama siku ile tulienda na mvua. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaziona hizo ndevu nyumbani nikajidanganya ni macho yangu. Mzee akavua, akanirudishia kwa heshima kabisa, akasema "ziwa langu haliko hivi", na buku yake sikuichukua, ningeichukuaje.

Baada ya hapo nikaanza kuchunguza mwenyewe. Ukizima taa ndani, ukamulika lenzi kwa tochi ya simu kwa upande, unaona miduara mingi myembamba mmoja ndani ya mwingine, kama sahani ya santuri. Huo siyo uchafu wala mikwaruzo, ndo lenzi ilivyotengenezwa, inaitwa lenzi ya Fresnel, jina la Mfaransa Augustin Fresnel aliyeitengeneza kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, ya kwanza ikawashwa mnara wa Cordouan huko Ufaransa mwaka 1823. Badala ya kioo kinene kizito wanakikata ngazi ngazi, lenzi inakuwa nyembamba na nyepesi, ni akili kubwa hilo sibishi. Ila kila ngazi ina ukuta wake mdogo, na mwanga ukigonga kule kwenye ukuta haupiti kama unavyotakiwa, unatawanyika. Ukiwa unaangalia picha yenye mwanga kila mahali huoni kitu. Ukiweka kitu kinachowaka katikati ya giza ndo balaa, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, mwezi, tochi, au taa za dagaa ziwani usiku. Yani video yangu ni kama imetungwa makusudi kuonyesha ubaya wa lenzi zenu.

Kwa hiyo dada wa WhatsApp aliposema nisafishe, hata ningefuta kwa maombi ya mkesha zisingetoka. Hilo mngeniambia siku ya kwanza. Nilipiga simu kabla ya kununua, nikamwambia kaka wa mauzo nataka kwa ajili ya video za usiku, akasema "hii kaka usiku ndo kwake". Neno kwa neno. Na nyie kwenye stoo yenu hiyo hiyo mnauza miwani nyingine yenye lenzi za aina ya pankeki, zile ambazo mwanga unarudishwa ndani kwa ndani mara kadhaa kabla ya kufika jichoni, hazina hiyo miduara. Najua nazo zina kasoro zake, zinameza mwanga mwingi hivyo skrini lazima iwake zaidi, na bei yake imechangamka, lakini ningepewa nafasi ya kuchagua mwenyewe. Mtu anayeuza nyavu anakuuliza kwanza unavua sangara au dagaa.

Halafu kuna suala la kukaa usoni, na hapa nina hasira zaidi kuliko kwenye lenzi, maana lenzi ni fizikia, hii ni dharau.

Boksi limeandikwa inamfaa kila mtu. Kila mtu gani? Ile sponji ya usoni pale kwenye pua imekatwa kipembe chembamba kirefu, sasa njooni Kirumba mtutazame pua zetu. Mimi pua yangu juu imelala na chini imetanuka, nashukuru Mungu imenitosha miaka thelathini na nne kupumulia, lakini miwani yenu juu inaacha pengo na chini inaminya. Dakika kumi naongea kama nina mafua. Ukiipandisha ili upumue, lenzi zinapanda nazo na jicho linatoka katikati, na kila anayejua hizi miwani anajua picha inakuwa kali katikati ya lenzi tu, ukitoka hapo kidogo maandishi yanavimba na zile ndevu zinazidi. Ukiiacha ishuke, mwanga wa nje unaingia kwa chini. Kibanda changu kinatazama ziwa jamani, saa kumi jioni jua liko linaingia moja kwa moja, mteja anacheza gemu ya ngumi huku anaona viatu vyake na sakafu, na ule mwanga unapiga lenzi kutoka ndani unarudi machoni kama kioo cha gari. Nimeziba kwa kipande cha sponji ya godoro na gundi. Kinasaidia. Kinanuka pia, jasho la watu kumi na tano kwa siku sponji haisahau.

Mama mmoja anauza sato pale Mwaloni, wote tunamwita Mayu, alikuja na mjukuu akasema na yeye ajaribu. Ana rasta nene kazifunga kwa nyuma na kilemba juu. Mkanda wenu haukupata pa kushika, ukiukaza unateleza juu, ukiulegeza nusu kilo yote inaning'inia mbele kwenye mashavu, na ni nusu kilo kweli nimeipima kwenye mizani yake mwenyewe ya samaki. Mwisho akaishika kwa mikono miwili kama darubini mpaka video ikaisha. Alipoitoa alikuwa na alama mbili nyekundu pembeni ya pua, akaniambia baba hii imetengenezewa wazungu, mimi nikawatetea nikamwambia hapana Mayu ni ya watu wote imeandikwa kwenye boksi. Sijui kwanini niliwatetea.

Na siyo pua tu. Kuna umbali kati ya mboni ya jicho moja na jingine, nimejifunza hili nikiwa na miaka thelathini na nne kwa sababu yenu. Watu wazima wengi wako kati ya milimita 54 na 74, wastani karibu na 63. Miwani yenu ina hatua tatu tu, 58, 63 na 68, basi, huwezi kusimamisha katikati. Nilichukua rula ya shule ya mtoto nikasimama mbele ya kioo, mimi ni 71. Mke wangu ni 55. Kwa hiyo nyumba nzima iliyolipia hizi miwani hakuna hata mmoja anayeenea! Nikiweka 68 naona vizuri kiasi lakini baada ya muda jicho linavuta, kichwa kinauma hapa juu ya nyusi, mke wangu yeye anapata kizunguzungu akashaacha kabisa, anasema hela yake ya kikoba inamtapisha. Wateja nao hawajui mambo ya milimita, wanajua tu kwamba kwa fulani kunachanganya macho, na Kirumba habari haihitaji bando.

Niwatendee haki kidogo. Betri ni nzuri, sauti nzuri, rimoti za mikononi hazijanisumbua, na watoto wa darasa la nne la tano wanacheza mchana hawana neno, ingawa nimeona mtengenezaji mwenyewe anaweka umri wa chini na sasa nawarudisha wadogo, hiyo ni hasara yangu siwadai. Lenzi kupiga ukungu asubuhi pia siwadai, nawasha dakika chache ipate joto inaisha.

Ninachodai ni hiki. Miwani moja ichukueni mnibadilishie na ile yenye lenzi za pankeki, tofauti ya bei nitaongeza mimi kwa awamu mbili, nimeshaongea na mke wangu. Hii nyingine nitabaki nayo kwa gemu za mchana, ila mnitumie sponji ya uso pana yenye nafasi ya pua, na ule mkanda mgumu wenye uzito nyuma, bila malipo, maana hivyo ni vitu vya kuifanya ifae kama boksi linavyosema. Msiniambie ni "vifaa vya ziada". Kiatu hakiuzwi halafu kisigino kikawa cha ziada. Kama kubadilisha haiwezekani basi rudisheni milioni moja na laki tatu na nusu ya hiyo moja, kwenye namba ile ile niliyolipia.

Waranti ni mwaka mmoja na mimi hata miezi minne sijafikisha. Mkisema waranti inahusu kuharibika tu na hii haijaharibika, nimeshafikiria hilo, sidai kwamba imeharibika, nadai nilieleza shughuli yangu kabla ya kulipa na nikaambiwa inafaa. Meseji za kaka wa mauzo za kufuatilia baada ya ile simu ninazo, tarehe inaonekana, neno usiku limo. Nawapa siku kumi na nne za kazi. Zikipita kimya nitapeleka haya haya pamoja na risiti Tume ya Ushindani, FCC, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 imemgusa mlaji pia na kumpotosha mteja kuhusu kitu unachomuuzia wameizungumzia humo. Sipendi kufika huko, nina kibanda cha kufungua saa tatu asubuhi.

Ile ya kubadilishwa nimeshaifunga kwenye boksi lake, na chaji yake na rimoti mbili, nitaituma kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi siku mtakayosema, nauli ya mzigo mtanirudishia. Na huyo atakayepokea mwambieni asiiache dirishani imetazama nje kama nilivyoiona kwenye picha za duka lenu, jua likipita kwenye hizo lenzi linakusanyika kama kioo cha kukuzia na linachoma skrini ya ndani, doa lake halitoki, afu mje mseme imetoka Mwanza ikiwa hivyo. Nimeipiga picha mbele na nyuma leo asubuhi.

Mteja wenu wa Kirumba, miwani mbili, risiti ya mwezi wa sita